Jibu Lililotoka Jikoni Kwangu

Kama gazeti la wiki iliyopita lilikupita, kaa nikupe kwa ufupi, maana mimi mwenyewe sina hamu ya kuyarudia. Mimi ni wakili. Nawatetea wajane wa machimbo ya mawe, wale ambao waume zao walifunikwa na mwamba uliolipuliwa wakiwa bado chini. Tajiri wa machimbo, ambaye watu wote humwita Bwana Kokoto, anasema filimbi ya tahadhari ilipulizwa na marehemu wakakaidi. Marehemu hawana mdomo, ndiyo maana nikapewa kesi mimi.

Nilipokataa kuiacha, magurudumu ya gari langu yakachanwa. Kisha maswali yangu yakaanza kufika mahakamani kabla yangu. Kila shahidi niliyemhoji alikuwa na jibu mkononi. Nikamfukuza karani wangu, nikijua ni yeye anayeniuza. Alilia, akaapa, nikamfungulia mlango.

Halafu binti yangu wa darasa la pili akarudi nyumbani amesukwa. Asubuhi nilimfunga nywele kwa utepe, jioni ana mistari iliyonyooka na mafuta yanang'aa. Mwanamke asiyemjua alikaa naye nje ya shule, akamsuka bila haraka, akampa na salamu: "Mwambie mama, kusuka ni kazi, kunyoa ni mara moja."

Mume wangu aliniambia, "Acha hii kesi." Nikamwambia nitaiacha nikifa. Tangu hapo akawa yeye anayempeleka mtoto shule na kumchukua. Hapo ndipo tulipoishia.

Sasa sikia.

Nina tabia moja kazini. Simhoji shahidi mahakamani kabla sijamhoji jikoni. Tukishakula, mume wangu anakalia kistuli cha karibu na sinki, anageuka shahidi, na mimi namshika kwa maswali huku nasuuza vyombo. Yeye ni fundi wa meno ya bandia. Kutwa nzima anachonga meno kimya kimya, kwa hiyo jioni ana hamu ya kuongea, na kuigiza anajua. Akiigiza tapeli utashika pochi yako.

Jioni ya kuamkia zamu ya msimamizi wa machimbo kuhojiwa, alikaa kistulini, akajikuna shingo kama msimamizi mwenyewe.

"Hiyo filimbi unayosema ilipulizwa," nikamwuliza, "nani mwingine aliisikia?"

"Mheshimiwa, filimbi haina saini," akajibu kwa sauti nzito. "Ikilia, imelia."

Nilicheka mpaka sahani ikaniponyoka. Nikamwambia, "Ungekuwa shahidi wa kweli ungenipa taabu."

"Taabu nilishakupa," akasema. "Nilikuoa."

Tukalala vizuri.

Kesho yake msimamizi akapanda kizimbani. Ni mtu mzito wa maneno. Ukimwuliza jina lake anatazama dari kwanza. Siku alipotoa ushahidi wake wa awali, ilikuwa ndiyo, hapana, na jasho. Nikamwuliza swali lile lile la filimbi, kwa maneno yale yale.

Akanyoosha kifua.

"Mheshimiwa, filimbi haina saini. Ikilia, imelia."

Ukumbi mzima ukacheka. Hata jaji aliinamisha uso. Mimi nilishika ukingo wa meza. Jamani, hivi mnajua ilivyo kumsikia mumeo kwenye mdomo wa adui yako?

Nikaomba kesi iahirishwe mpaka kesho yake. Nikasema tumbo linanisumbua.

Nilikaa kwenye gari, nimeshika usukani, gari halijawashwa. Kikulacho ki nguoni mwako, na hizo nguo nazifua mimi. Nikamkumbuka karani wangu nilivyomfungulia mlango. Nikaikumbuka mashine mpya ya kung'arishia meno kwenye karakana ya mume wangu, ile aliyosema kakopa. Nikasema, kumbe. Wamemnunulia mashine, na yeye akawauzia mke.

Nilitaka kwenda pale karakana nikamvunjie meno yake ya bandia yote, halafu nianze ya kweli. Lakini miaka yangu yote ya kazi imenifundisha kitu kimoja. Shahidi mwongo humwambii kuwa umemjua. Unamwachia kamba.

Dawa ya moto ni moto, nikawasha gari.

Ninachotaka ukielewe ni hiki, maana mtego wote uko hapa. Siku ya kwanza msimamizi aliapa kwamba ufunguo wa kisanduku cha kulipulia haukutoka mfukoni mwake siku ile ya ajali. Bila ufunguo huo, baruti hailipuki. Na kisanduku kiko nyuma ya ukuta wa zege, ng'ambo ya pili ya machimbo. Kwa hiyo kama angesema alipulizia filimbi pale kisandukuni, ningekwama. Kapuliza, kalipua, basi. Lakini kama angesema alikuwa getini, mbali kabisa na kisanduku, ningemwuliza swali moja tu: mlipuko ulifanywa na nani?

Nilihitaji aseme getini. Na mjumbe wa kumpelekea hilo neno alikuwa nyumbani kwangu, anamenya vitunguu.

Tulipomaliza kula nikamwambia, "Kaa kistulini, baba. Kesho ndiyo kesho."

Akakaa. Safari hii hakujikuna shingo.

"Kesho namwuliza alisimama wapi alipopuliza filimbi," nikamwambia. "Akisema kisandukuni, nimemkamata, nina mtu wa kumkanusha. Ninachoogopa ni aseme getini."

"Kwa nini getini?"

"Getini anaona kila anayetoka na kila anayerudi. Atasema aliwaona wametoka, kisha wakarudi wenyewe chini. Akishasema hivyo, mimi sina kesi. Nitakaa chini, wajane warudi kwao."

Nilikuwa nasugua sufuria ambayo ilikuwa safi tayari. Sikutaka aone uso wangu.

"Una uhakika?" akauliza.

"Nina uhakika."

"Hakuna swali jingine nyuma yake? Hujaficha kitu?"

"Nikufiche wewe?"

Akapumua pumzi ndefu, kama mtu aliyetua mzigo. Nikasema moyoni, pumua baba, kesho utakohoa. Akanyanyuka, akasema anakwenda dukani mara moja kununua vocha. Nikamwambia, "Chukua na mwavuli, mawingu yametanda." Nilikuwa mke mwema jioni ile kuliko siku zote za ndoa yangu.

Asubuhi aliondoka na mtoto kama kawaida. Mtoto alinibusu akaniachia dawa ya meno shavuni. Mimi nikavaa joho langu, nikaenda kuua.

Msimamizi alipanda kizimbani. Bwana Kokoto alikaa safu ya mbele, suti ya kijivu, mikono juu ya tumbo. Wajane walijibana kwenye benchi lao. Na kule nyuma kabisa, karibu na mlango, nikamwona mume wangu amekaa. Hakuwahi kuja mahakamani hata siku moja. Nikasema, vizuri, amekuja kuniona naanguka. Akae aone.

"Siku ya kwanza uliiambia mahakama kuwa ufunguo wa kisanduku haukutoka mfukoni mwako," nikaanza. "Bado unasema hivyo?"

"Bado nasema hivyo."

"Hukumpa mtu yeyote?"

"Haukutoka mfukoni."

"Sasa, ulipopuliza filimbi, ulikuwa umesimama wapi?"

Hakutazama dari. Jibu lilikuwa limeshamwasha ulimi.

"Getini, Mheshimiwa. Niliwaona wote wametoka. Kisha wakarudi chini wenyewe."

Wakili wao ni mzee mwenye heshima zake, tumekutana kwenye kesi nyingi. Pale pale kalamu ikamdondoka. Nikajua kuwa hakuambiwa kitu. Bwana Kokoto aliiba maswali yangu akampelekea shahidi moja kwa moja, akamficha wakili wake mwenyewe, kwa kuwa alijua yule mzee asingekubali mchezo huo. Laiti angemwonyesha, mzee angeliona shimo kabla ya kifungua kinywa. Wezi huogopana hata na waganga wao.

"Getini," nikarudia. "Mpaka mwamba unalipuka ulikuwa hapo getini?"

"Hapo hapo. Sikuondoka."

"Na ufunguo mfukoni?"

"Mfukoni."

Nikageuka taratibu, nikamtazama mume wangu kule nyuma. Nilitaka aone kila kitu. Nilitaka ajue kuwa mke aliyemuuza amejinunua mwenyewe.

Alikuwa amesimama. Anatikisa kichwa. Nikatabasamu, Mungu anisamehe, nikamgeukia shahidi.

"Basi iambie mahakama. Wewe uko getini na ufunguo mfukoni. Kisanduku kiko ng'ambo. Nani alilipua mwamba?"

Msimamizi akageuza shingo. Akamtazama Bwana Kokoto. Bwana Kokoto akatazama viatu vyake. Jasho lilishuka kwa msimamizi mpaka kwenye kola.

"Shahidi, jibu," akasema jaji.

Wakili wao akasimama. Akasema shahidi anaonekana hajisikii vizuri, akaomba apewe nafasi anywe maji. Jaji akakubali mapumziko mafupi. Akaonya kwamba shahidi yuko katikati ya kuhojiwa, kwa hiyo asiongeleshwe na mtu yeyote, abaki pale pale kizimbani. Mimi nikakusanya joho, nikatoka koridoni nimenyanyua kichwa. Nilijisikia mrefu.

Mume wangu alinifuata mbio. Nikamgeukia kabla hajanifikia.

"Umefurahi?" nikamwuliza. "Nilihangaika kumtafuta anayeniuza. Nikamfukuza karani bure. Kumbe nalala naye."

Macho yake yalikuwa mekundu. "Jana ulisema hakuna swali jingine nyuma yake."

"Nilikudanganya. Mkuki kwa nguruwe, siyo? Wamekulipa nini, ile mashine?"

"Mashine nimekopa. Hawajanilipa kitu." Alinishika mkono, nikamkung'uta. "Nisikilize. Yule mwanamke aliyemsuka mtoto alinijia karakana kabla hata hajamsuka, kama mteja. Akakaa, akafungua mdomo nimpime. Nilipomaliza akanitajia shule ya mtoto, akanitajia mwalimu wake, akanitajia mtoto anayekaa naye dawati moja. Akasema, mkeo hasikii, labda wewe unasikia."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia ungefanya nini? Ungewashtaki."

Na ni kweli, ningewashtaki.

"Nikawapa maswali yako," akasema. "Nilijiambia wajane watapata wakili mwingine. Mtoto mwingine mimi sina."

"Mtoto yuko shule," nikasema. "Umempeleka mwenyewe asubuhi hii."

"Nilimfikisha nje ya shule. Walikuwa wananisubiri na gari. Wakasema nimeoa mwanamke mjanja, hawawezi kwenda na maneno matupu kwenye shahidi mkubwa kama huyu. Leo wanataka dhamana. Niliyowapelekea yakiwa kweli, mtoto anarudi jioni, na mimi nije nikae hapa wanione. Yakiwa uongo..."



"Ukawapa?" nikamwuliza. "Ukawapa mwanangu kwa mkono wako?"

"Nilijua ni kweli," akasema. "Uliyasema wewe."

Sikumbuki kama nilimpiga. Waliokuwa koridoni wanasema nilimpiga, na kwamba hakuinua mkono kujikinga. Ninachokumbuka ni kwamba nilikuwa natafuta simu kwenye mkoba nisiione, na yeye ananinong'oneza kuwa wamesema askari mmoja tu akionekana, basi. Nilikumbuka dawa ya meno shavuni kwangu. Nilikuwa nimeshaifuta.

Nilimchukia. Halafu nikajichukia mimi zaidi, maana yeye alisema uongo kumlinda mtoto, na mimi nilisema uongo ili nimwone mume wangu analia. Niliutaka ushindi na kisasi kwa pamoja. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na mimi nilikuwa nimemdunga mtoto.

"Wakili," karani wa mahakama akaita mlangoni. "Jaji anaingia."

Nilirudi ndani. Kila kitu kilikuwa vile vile. Msimamizi alikuwa amebaki kizimbani peke yake muda wote ule, glasi ya maji mbele yake haijaguswa, wajane wanamtazama. Hapakuwa na mtu wa kumnong'oneza. Bwana Kokoto alikuwa na simu kwenye paja, kidole kinaisugua. Aliponiona akanisalimu kwa kichwa, kwa adabu kabisa, kama jirani.

Nilitaka kumwona mtu yule amefungwa minyororo. Nilitaka afukuzwe kwenye mji, nyumba yake ipigwe mnada, watoto wake wabadilishe jina. Sijawahi kumtakia mtu mabaya kiasi kile. Na ilinibidi nimwokoe.

"Wakili," akasema jaji, "swali lako lilibaki hewani. Lirudie."

Nikasimama.

"Mheshimiwa," nikasema, "naliondoa swali."

Benchi la wajane likaguna. Mjane mkubwa, yule aliyefiwa na mume na mtoto wa kiume siku moja, akasimama wima.

"Mwanangu," akasema, "unatufanya nini?"

"Mama, kaa," akasema jaji. Kisha akanikazia macho. "Unaliondoa? Swali hili?"

"Naliondoa, Mheshimiwa. Sina swali jingine kwa shahidi huyu."

Bwana Kokoto akageuza simu yake, kioo chini. Nikapata pumzi. Nikajiambia, wajane watanilaani, nitavuliwa joho, lakini jioni mtoto wangu anarudi. Wakili wao alikuwa anatafuta miwani yake mezani wakati miwani iko usoni. Hakujua afurahi au aogope.

Nilikuwa nimeanza kukaa.

"Mheshimiwa, mimi nataka kulijibu."

Ilikuwa sauti ya msimamizi. Haikuwa ya mume wangu sasa, wala ya mtu mwingine. Ilikuwa ya kwake, nzito na ya kukwamakwama.

"Nimekaa hapa nawatazama hawa mama," akasema. "Nimefikiri. Nimeambiwa niseme getini, nimesema getini. Sasa vifo vyote wananiachia mimi. Nina watoto na mimi. Nataka kusema nilimpa nani ufunguo."

"Ninapinga," nikasema.

Nilishasimama. Sauti ilinitoka kabla sijaituma. Ukumbi wote ukanigeukia, na wajane, na mzee wakili wa upande wa pili, ambaye sidhani kama aliwahi kuona mtu akimnyang'anya kazi yake vile.

"Unapinga nini?" akauliza jaji.

"Shahidi hujibu alichoulizwa tu, Mheshimiwa. Hajaulizwa kitu. Swali nimeliondoa."

"Wakili, hili ni jibu ulilolitafuta tangu kesi ianze."

"Naomba asijibu, Mheshimiwa. Nakuomba."

Nilikuwa nalia mbele ya mahakama, nimevaa joho. Jaji alinitazama kwa muda. Nadhani alianza kuona kitu, lakini alikiona vibaya. Alidhani nimenunuliwa.

"Kaa chini, wakili," akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Wewe umeliondoa swali lako. Mahakama nayo ina haki ya kuuliza. Sasa nauliza mimi. Shahidi, ufunguo ulimpa nani?"

Msimamizi akanyanyua mkono kuonyesha. Kiti cha safu ya mbele kilikuwa kitupu. Bwana Kokoto alikuwa ameshafika mlangoni, simu sikioni, anasema maneno ambayo sikuyasikia, na mume wangu alikuwa anapita juu ya miguu ya watu kumkimbilia.